Albamu ya roki: studio ya Ujerumani au nyumba ya mawe Lamu?

Mwezi uliopita vijana wanne wa bendi moja ya hapa Malindi walinijia nyumbani jioni, tukaketi barazani. Wana nyimbo tisa, wana akiba waliyoichanga kwa miaka miwili ya kupiga hotelini, na wana mwaliko wa studio moja Ujerumani. Mpiga gitaa ndiye msemaji wao. Akaniambia, "Kaka, tukirekodi majuu si ndiyo watu watatusikiliza?" Mpiga dramu alikuwa kimya muda wote. Walipokaribia kuondoka ndipo akatoa lililomleta: mbona ninyi mlishafika Ulaya, kisha mkarudi mkarekodi Lamu?

Mimi napiga besi. Albamu yetu ya kwanza tuliirekodi kwa siku 9 katika studio nje kidogo ya Leipzig. Ya pili tuliirekodi kwa siku 21 katika nyumba ya kukodi Shela, kisiwani Lamu, kwa vifaa tulivyovibeba wenyewe. Nimeonja kote kuwili, na niliyowaambia wale vijana nayaandika hapa kwa yeyote mwenye bendi ya magitaa na akiba ndogo anayepima aende wapi.

Nyimbo zimeiva au bado?

Hili ndilo la kuanza nalo, kabla ya pesa na kabla ya viza. Wengi huanza na mashine: eti kule wana mitambo. Zamani ilikuwa kweli kabisa. Aliyetaka kurekodi vyema ilimbidi aifuate mashine ilipo, nayo ilikuwa kubwa kama kabati la nguo. Leo kompyuta ya mapajani na kadi ya sauti yenye njia 16 za kuingizia maikrofoni vinaenea kwenye begi la mgongoni, na hurekodi biti 24 zilezile tulizorekodi Leipzig. Unachokinunua ng'ambo ni vitu vinne vingine: chumba kilichojengwa kwa ajili ya sauti, umeme usioyumba, sikio la fundi asiyewajua, na siku ambazo hakuna mtu wa nyumbani atakayekutuma sokoni. Ni vitu vizuri mno. Ila vyote huuzwa kwa siku, na siku ya studio haimngoji mtu atafute ubeti wa pili.

Watazameni waliotutangulia. Paul McCartney, aliyekuwa wa Beatles, alipokwenda Lagos kurekodi, mwishoni mwa Agosti 1973, mpiga gitaa na mpiga dramu wake walijitoa safari ikikaribia. Wakabaki watatu: yeye, mkewe Linda na Denny Laine. Huko wakaporwa usiku barabarani kwa kisu, wakachukuliwa hata kanda za majaribio za nyimbo zenyewe. Studio ya EMI pale Apapa haikuwa ya kifahari. Lakini nyimbo alikuwa nazo kichwani zimekwisha. Akapiga dramu mwenyewe, na kufikia mwishoni mwa Septemba sehemu kubwa ya albamu ilikuwa imerekodiwa. Desemba ikatoka.

Sasa geuza upande. Mwaka 1971 bendi ya Rolling Stones iliihama Uingereza kwa sababu ya kodi. Keith Richards akakodi jumba liitwalo Nellcôte, Villefranche-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa. Wakaegesha nje lori lao lenye studio ndani, wakawa wanapiga katika vyumba vya chini ya jumba, palipokuwa na joto na unyevu hata magitaa yakawa hayashiki tyuni. Nyimbo kadhaa zilitafutwa palepale, usiku baada ya usiku, kwa miezi. Jumba liliwangoja. Studio ya kulipia siku isingewangoja.

Na U2, bendi ya Ireland, waliingia Berlin Oktoba 1990, Ujerumani ndiyo kwanza inaungana, wakaingia studio ya Hansa na vipande vya nyimbo. Wakagombana karibu bendi ivunjike. Ulizaliwa pale wimbo mmoja mkubwa uliowatuliza, lakini sehemu kubwa ya kazi iliyobaki walirudi nayo Dublin, ndani ya nyumba ya kukodi kando ya bahari.

Ndiyo maana nasema: nyimbo zilizoiva, zinazopigika toka mwanzo hadi mwisho bila mtu kutazama karatasi, zipelekeni studio, hata kama iko mbali. Nyimbo ambazo bado zinatafuta kiitikio zinataka nyumba. Wale vijana niliwaomba wanipigie zote tisa palepale barazani, kwa magitaa makavu, yasiyo na umeme, na viganja juu ya meza. Nne tu zilikuwa na mwisho.

Nani atavuka mpaka?

Mkenya aendaye Ujerumani anahitaji viza ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa hairudi. Maombi hupokewa hadi miezi sita kabla ya safari. Jibu kwa kawaida huchukua siku 15, lakini linaweza kufika 45, kwa hiyo msilipie studio mkiwa mmebakiwa na mwezi mmoja. Waelezeni ubalozi kinagaubaga kwamba mnakwenda kurekodi, na nani analipa nini, waseme wenyewe ni viza ya aina gani.

Lakini lililo zito ni hili: kila mmoja huombewa peke yake. Ubalozi hautazami bendi, hutazama mtu. Ana ajira gani, benki ana nini, nini kitakachomrudisha kwao. Mpiga dramu wetu hakuwa na barua ya mwajiri. Msimu wa watalii hupiga hotelini, na hotelini hulipwa mkononi. Mvua zikianza huenda baharini na babake huko Mayungu. Sisi watatu tulipewa viza. Yeye akarudishiwa pasipoti na karatasi ya kukataliwa, zikiwa zimebaki siku kumi na moja, na nusu ya pesa za studio zimeshalipwa.

Tukaenda. Mpaka leo sijui kama tulifanya sawa.

Fundi wa kule akatuletea mpiga dramu wa kukodi, kijana hodari, aliyesikiliza kila wimbo mara mbili kisha akaupiga bila kosa. Ukiisikiliza albamu ile utasikia dramu safi, zimenyooka kama rula. Usichokisikia ni namna yule wetu anavyokichelewesha kidogo kile kipigo cha nne, kama mtu anayevuta mguu kwenye mchanga, jambo alilolitoa kwenye ngoma za Kigiriama alizokulia. Niliporudi nilimpelekea nakala kwao. Akasikiliza wimbo wa kwanza hadi mwisho, akavua hedifoni, akasema, "Anapiga vizuri." Hakuufungua wa pili.

Kwenda Lamu tulihitaji vitambulisho tu, vya kuonyesha kwenye vizuizi vya polisi barabara ya Garsen. Wanne tuliondoka, wanne tulifika.

Na kama mnataka kutoka nje ya nchi bila kumwacha mtu, kuna Kampala. Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Duma, wawili wa Nairobi wenye muziki mkali uliotoka ubavuni mwa metali, ile roki nzito, walirekodi albamu yao ya kwanza huko mwaka 2019 katika studio ya Nyege Nyege, ikatoka 2020, na ikasikika mbali sana. Ni safari ya basi, bendi nzima ndani, na mnakuta prodyuza mwenye sikio la ugenini. Huku pwani tunaisahau njia hiyo kwa sababu macho yetu yako baharini.

Chumba

Hapa nitakaa kidogo, maana chumba hukisikia katika kila sekunde ya albamu.

Kule Leipzig chumba cha dramu kilikuwa cha mbao, dari juu ya mita nne, kuta zisizokabiliana sawasawa ili sauti isirudi moja kwa moja ilikotoka. Fundi alitumia asubuhi nzima kutega maikrofoni 12 kwenye dramu. Alisogeza moja kama sentimita tatu, akaenda kusikiliza, akarudi akairejesha, akaenda tena. Sikuwa nimewahi kuona mtu akiuheshimu mlio namna hiyo. Kwa dramu kubwa, za kupasua kifua, studio ya namna ile inaishinda nyumba yoyote ya Lamu, na sioni la kubishana.

Nyumba ya kale ya Lamu imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene karibu nusu mita. Dari hubebwa na boriti za mkoko, na kwa kuwa boriti ya mkoko haiendi mbali, vyumba vimekuwa virefu na vyembamba, chini ya mita tatu upana. Msana wetu, yaani ukumbi mrefu wa nyumba, niliupima kwa utepe: mita 2.8. Nilipaswa kupiga hesabu kabla ya kufungua sanduku la besi. Katika upana huo, wimbi la hezi 61 hivi, yaani mitetemo 61 kwa sekunde, hujaa nusu yake kamili baina ya kuta mbili, likisimama hapo halitoki. Na hezi 61 ni noti ya B, waya wa A, freti ya pili.

Siku ya kwanza nilipoigusa noti hiyo, vikombe vya kahawa vilivyopangwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, vikaitikia vyote. B ilinguruma nyumba nzima, na noti zilizobaki zikasikika kama zinatoka kwa jirani. Wimbo wetu mrefu kuliko yote uko katika B. Tulisimamisha magodoro ukutani. Tukageuza spika ikatazama mlango. Tukalaza amplifaya chali. Siku mbili zikapita. Mwisho mpiga dramu ndiye aliyesema, "Itoe nje." Tukaibeba amplifaya ya besi hadi kiwandani, ule ua wa katikati ulio wazi juu, mimi nikabaki msanani kwa waya wa mita 10. Nikagusa freti ya pili. Vikombe vikanyamaza, na besi ikasikika noti baada ya noti, kila moja kwa uzito wake. Nilikaa pale nikipiga skeli juu na chini peke yangu, nikashindwa kuacha.

Dramu tuliziweka upande wa msana ulio wazi kuelekea kiwandani. Ukuta wa chokaa iliyosuguliwa huirudisha sauti kwa ukali, lakini zidaka zile, safu kwa safu, huivunja vipande kabla haijarudi. Matoazi yakawa na mng'ao ambao sijausikia kwenye studio yoyote ya Mombasa. Sauti ya kuimba tuliirekodia ndani kabisa, chumba cha nyuma, kwa magodoro mawili na kanga nne zilizotundikwa kwenye kamba. Viitikio viwili tuliviimbia chooni, kwa ule mwangwi wa chokaa. Maikrofoni za dramu zilikuwa sita tu.

Pima hivi: chumba cha Leipzig kilitupa sauti nzuri tangu siku ya kwanza. Chumba cha Lamu kilitudai siku tatu kabla hakijakubali. Mwenye siku 9 hana siku tatu za kutoa. Mwenye 21 anazo, na anachokipata mwishoni ni sauti ya nyumba ile, ambayo bendi nyingine haitakuwa nayo.

Umeme, chumvi na friji

Umeme wetu ni volti 240 na hezi 50. Wa Ujerumani ni 230 na hezi 50. Amplifaya za hapa hufanya kazi kule kwa kubadilisha plagi tu. Marekani ni 120 na hezi 60, huko msiende na amplifaya zenu bila transfoma, au azimeni za kule.

Kule Leipzig sikuufikiria umeme hata mara moja. Shela niliufikiria kila saa. Jioni watu wakiwasha taa na feni, volti hushuka na amplifaya ya valvu hulegea sauti. Mpiga gitaa wetu aliupenda ulegevu huo kwenye wimbo mmoja, akauchukia kwenye mingine yote. Chukueni stebilaiza nzuri. Kompyuta na kadi ya sauti viendesheni kwa betri, ili umeme ukikatika katikati ya wimbo mpoteze amplifaya tu, faili zibaki salama.

Friji ina mota inayojiwasha itakavyo, na kila ikijiwasha huacha mlio mdogo wa "ti" kwenye rekodi. Tuliizima kila tulipoanza kazi, na funguo za mlango nikaziweka ndani yake, ili asiweze mtu kutoka bila kukumbuka kuiwasha. Siku tuliyosahau kuziweka funguo humo hatukula samaki wetu, changu, alikuwa ameharibika.

Chumvi ni adui mwingine. Nyuzi mpya za gitaa hupata kutu kwa siku tatu. Baada ya kupiga zifuteni kwa kitambaa kikavu, gitaa lirudi kwenye sanduku lake na vifuko vya kunyonya unyevu. Maikrofoni nazo hivyohivyo. Kama msimu ni wa kusi, zidisheni nyuzi za akiba.

Majirani

Studio ya ng'ambo haina majirani. Kuta zake zimewafuta. Lamu unarekodi katikati ya watu, na hilo lafaa kuamuliwa mapema, tena kwa adabu.

Siku ya pili, dramu zimeanza, mlango ukabishwa. Alikuwa bibi wa nyumba ya nyuma, buibui limefungwa vizuri, mjukuu mkononi. Tukamkaribisha, tukamvutia kiti, akakataa kuketi.

"Wanangu, ngoma hizi mtazipiga mpaka lini?"

"Wiki tatu, Bibi. Tuwie radhi, tulipaswa kuja kwako kwanza."

"Ndiyo, mlipaswa." Akamtazama mpiga dramu. "Mtoto huyu hulala baada ya adhuhuri. Akiamka, pigeni."

Tukapatana: tangu saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri, kisha tangu alasiri mpaka karibu na magharibi. Usiku hakuna dramu wala besi, ni kuimba na magitaa makavu tu. Mwanzoni niliona tumepoteza nusu ya siku. Baada ya wiki nikaona kwamba ile nafasi ya mchana ndiyo tuliyoitumia kusikiliza tulichorekodi asubuhi, na nyimbo mbili tulizitupa na kuzipanga upya katika saa hizo. Kule Leipzig hatukuwa na saa ya kusikiliza. Tulisikilizia kwenye ndege, tukirudi.

Adhana huingia kwenye maikrofoni hata madirisha yakifungwa, maana misikiti ni mingi na iko karibu. Tulisimama kila wakati, na wawili wetu walikwenda kuswali. Msiirekodi mkaifanya pambo la wimbo. Mwezi wa Ramadhani msiende na dramu kabisa, na tarehe zake husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo angalieni kalenda kabla ya kulipa nyumba. Wakati wa Maulidi mji hujaa wageni hata vyumba hukosekana.

Jambo jingine la adabu. McCartney alipokuwa Lagos, Fela Kuti, mwanamuziki mkubwa wa Nigeria, alimshutumu hadharani kwamba amekuja kuiba muziki wa Waafrika. Ilibidi McCartney amsikilizishe nyimbo ili aone hakuna kilichochukuliwa. Sisi ni watu wa pwani hii, lakini Malindi si Lamu. Kisiwa hiki ndicho kilichomzaa Zein l'Abdin, bingwa wa udi. Tulipotaka udi kwenye wimbo mmoja tulimtafuta mpigaji wa pale, tukapatana naye malipo kabla hajafungua mfuko wa udi wake, na jina lake likaandikwa kwenye jalada kwa herufi sawa na zetu.

Kufungiwa pamoja

Kuna kitu ambacho safari huipa bendi, iwe ya Leipzig au ya Shela, nacho Malindi hatukipati. Hapa nyumbani shangazi hupiga simu, hoteli hupiga simu, tuktuk hupita, rafiki huja na habari. Mwaka 1979 George Martin, prodyuza wa Beatles, alijenga studio katika kisiwa cha Montserrat, Karibi, kwa sababu hiyohiyo: watu wafike, wakose pa kwenda, wafanye kazi. Bendi ya Dire Straits ilirekodi huko, na The Police pia, mpaka kimbunga Hugo kilipoiharibu mwaka 1989.

Ila kisiwa hakipatanishi watu. The Police walipokuwa Montserrat kwa albamu yao ya mwisho walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Kila mmoja alipiga katika chumba chake, mpiga dramu akiwa kwenye chumba cha kulia chakula. Bendi yenye ugomvi wa pesa au wa uongozi iumalize Malindi kwanza. Shela jioni ni ndefu, hamna gari la kupanda mkaondoka, na pwani yenyewe mnaipita mkikutana wenyewe kwa wenyewe.

Na wako ambao ugenini ni lazima. Tinariwen, wapiga magitaa wa Kituareg kutoka jangwa la Sahara, albamu yao iliyotoka 2014 waliirekodia Joshua Tree, California, kwa kuwa kaskazini mwa Mali hapakuwa na usalama. Walikwenda mbali, lakini walitafuta jangwa lingine.

Mzigo

Kwenda Ujerumani tulibeba magitaa na pedali tu, ndani ya kilo 23 za kila abiria. Dramu na amplifaya tulizikuta. Huu ni unafuu mkubwa, na studio nzuri ina amplifaya ambazo hapa utaziona kwenye picha tu.

Kwenda Lamu ni kinyume chake: kila kitu mnabeba. Ndege ndogo za kwenda Manda, kiwanja cha ndege cha Lamu, zipo zinazoruhusu kilo 15 tu, kwa hiyo mzigo wa bendi unakwenda kwa barabara. Tulikodi matatu Malindi alfajiri, tukapita Garsen, Witu na Hindi, zaidi ya kilomita 200, hadi jeti ya Mokowe. Hapo kila sanduku likafungwa kwa turubai, likashushwa mashuani. Hii ndiyo dakika ya kutisha kuliko zote. Amplifaya ya besi ina kilo 30 na kitu, na mashua haitulii. Shushieni maji yakiwa yamejaa, si maji yakiwa yametoka, maana ngazi huwa ndefu na zina utelezi wa mwani. Kisiwani kuna punda na mikokoteni. Mchukuzi wetu alilifunga dramu kubwa ubavuni mwa punda kwa kamba ya usumba, akalisawazisha upande wa pili kwa sanduku la matoazi, na halikuguswa na ukuta hata mara moja katika vichochoro vile.

Nendeni kipindi cha kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Tangu Aprili mvua za masika na bahari chafu vitakula siku mlizozilipia.

Pesa, na kumiksi

Sitataja bei, hubadilika na kila mtu hupatana lake. Nitasema hili tu: pesa za zile siku 9 za Leipzig, ukijumlisha nauli na viza, zilitulipia Shela nyumba kwa wiki tatu, mpishi, matatu, mashua, punda, kukodi maikrofoni kutoka Mombasa, na zikabaki za kumiksi, yaani kuzisawazisha na kuziunganisha sauti zilizorekodiwa. Tena kule tulilala watatu chumba kimoja.

Kumiksi ndiko ambako sasa naiona ng'ambo inalipa. Nyumba ya mawe si mahali pa kumiksi; ile B inakudanganya kila ukisikiliza kwa spika, nawe unapunguza besi ambayo haikuzidi. Tuliyekuwa tunamhitaji ni yule fundi wa Leipzig, kwenye chumba chake na spika zake. Tukawaza kumtumia faili kwa intaneti. Traki moja, yaani rekodi ya maikrofoni au chombo kimoja, ya biti 24, kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, hula karibu megabaiti 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika tano wenye traki 16 unakaribia megabaiti 700, na hiyo ni mara moja tu ya kuupiga. Kutoka Shela haikuwezekana. Tulizituma tuliporudi Malindi, usiku kwa usiku, siku nne.

Akazisikiliza, akapiga simu. Swali lake la kwanza halikuwa la besi wala la chumba. Aliuliza dramu kapiga nani.

Mpango wetu wa albamu ya tatu uko hivi, na ndio niliowapa wale vijana wauige au wauache. Februari tunarudi Shela, nyumba ileile, bibi wa nyuma ameshapelekewa habari na khanga. Siku 16 za kurekodi. Kisha wawili kati yetu watakwenda Leipzig siku nne kumiksi, na safari hii mpiga dramu ndiye wa kwanza kuomba viza, akiwa na barua ya hoteli na taarifa za benki za miezi sita tulizoanza kumwandalia tangu mwaka jana. Akipata, atakwenda yeye na mpiga gitaa, mimi nibaki. Rekodi zitasafiri kwenye diski mbili, kila moja kwenye begi la mtu wake, na ya tatu itabaki kwangu Malindi.